Ukuta Ambao Hakuuchora

Shani, msanifu wa majengo, aliwakuta wageni ofisini wameuzunguka mfano wa nyumba zake za watalii za kilimani, uliotengenezwa kwa kadibodi. Alizichora zijengwe kwa udongo wa kilima kilekile, akazipindisha kupisha miti, na katikati akaiacha njia ambayo wakazi wa juu huitumia kushuka kuteka maji chemchemini. Sasa kwenye mfano njia ilikuwa imezibwa kwa ukuta mweupe.

"Bwana Maftaha, ukuta huu ameuchora nani?"

"Mimi," mwenye mradi akajibu, akitabasamu mbele ya wageni. "Watalii hawaji kutazama ndoo, Bi Shani."

"Na wenye ndoo wapite wapi?"

"Watazunguka. Kilima ni kikubwa."

Wageni wakacheka. Shani akaushika ukuta ule, akaung'oa, na kipande cha kilima kikabanduka nao.

"Una wazimu?" Bwana Maftaha akafoka. "Si wewe uliyezichora nyumba hizi?"

"Ndiyo maana."

Akatoka, akapanda kilima kwa miguu. Mafundi walikuwa wamekwisha kuchimba msingi wa ukuta ule, ukaikata njia, na ng'ambo yake mwanamke mmoja amesimama na ndoo, hajui pa kupita. Shani akavua viatu, akashuka ndani ya msingi.

"Dada, toka, tunamwaga zege," fundi akasema.

"Mwageni."

Fundi akabaki na karai begani, akimtazama yeye, kisha gari la Bwana Maftaha lililokuwa likipanda kwa kasi. Upande wa pili mwanamke akaitua ndoo, akajifunga kanga kiunoni, tayari kushuka naye.