Anwani ya Hapa Hapa

Seva iliamka bila mstari mwekundu hata mmoja wa kosa, na Kimya nusura aibusu skrini.

Programu yake ya Java ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Juu aliandika: "Chiriku, nikuoe?" Chini aliweka vitufe vitatu: Ndiyo, Hapana na Nipe Muda. Kile cha Hapana alikipunguza kikawa kama punje ya mtama, maana tahadhari kabla ya hatari.

Kwa mdomo asingeweza. Hakupewa jina la Kimya bure. Kila alipojaribu, aliishia kumwuliza binti wa watu kama mtandao unasumbua. Na kesho Chiriku, mwandishi mwenzake wa programu, alikuwa anahamia tawi la mji mwingine. Leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Akanakili anwani ya ukurasa, akamtumia Chiriku aliyekuwa chumba cha pili, akajifunika uso kwa viganja huku akichekacheka peke yake.

Kisha akaisoma tena ile anwani. Ilianza na localhost.

Akamkimbilia kiongozi wao, mama mmoja aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo, akamwonyesha ile anwani kwa kidole. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, localhost maana yake ni hapa hapa, kwenye mashine ya yeyote anayebofya. Umemwalika mgeni, halafu ukamwelekeza kwake mwenyewe."

Kimya alitamani ardhi ipasuke immeze. Chiriku angebofya, angekuta patupu, angedhani anachezewa shere, kisha angefunga virago aende zake. Tena leo hakuwa wa kutaniwa. Msemaji yule, ambaye kwa kawaida hunyamaza akiwa anapiga mswaki tu, hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi. Kila Kimya alipopita, aliinamisha skrini yake na kudai ana kazi ya mteja msumbufu.

Mlango ulifunguliwa kabla Kimya hajapata uongo wa kusema. Chiriku alisimama pale, kompyuta yake kifuani, haya zimemjaa mpaka hajui pa kutazama.

"Nani amekuambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kimya hakuelewa swali, lakini alijikaza kisabuni. "Achana na hicho kiungo. Najua hakikufunguka."

"Kimefunguka, kwenye seva yangu mwenyewe."

Aliiweka kompyuta mezani na kumgeuzia. Kimya akainama. Anwani ilikuwa ile ile aliyomtumia, herufi kwa herufi. Chini yake, kwa maandishi makubwa ya rangi ya waridi, palikuwa na swali: "Kimya, utanioa?"

Na kitufe kilikuwa kimoja tu: Ndiyo.