Uji wa Bi Zaituni

Kibandani kwa Shaweji watu walifuata kuingiziwa muvi kwenye flashi, na hakuna ambaye Shaweji alimpendekezea tamthilia akarudi kulalamika. Bi Zaituni alipenda za aina moja tu: mke, mume, na sumu inayotiwa kidogo kidogo. Juzi aliacha tamthilia, akataka filamu za matukio ya kweli.

"Zile ambazo polisi walishindwa kumgundua muuaji," alisema. Shaweji alicheka, akampa tatu.

Leo alikuja mumewe, Mzee Hemedi, shati likimpwaya, chupa ya uji kwapani.

"Mwenzangu amenituma. Zile amezimaliza, anaomba umchagulie nyingine nzuri."

Shaweji aliipokea flashi, asiichomeke.

"Mzee wangu, huwa mnazitazama wote wawili?"

"Aa, mimi siku hizi sina nguvu, nalala mapema. Yeye ndiye hutazama, tena hurudiarudia palepale."

Mzee akafungua chupa, akamimina kikombe, akakisogeza mbele ya Shaweji kwa mikono miwili.

"Karibu uji, mwanangu. Amenisisitizia nisinywe peke yangu, nikukaribishe na wewe."

Uji ulikuwa bado wa moto. Mzee alitabasamu, akimsubiri aanze.