Anza na L

"Hupo, mama," binti wa mapokezi aliniambia, akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe.

Nilikuja hospitali kuchukua majibu ya kile kipande cha nyama walichokata kwenye titi langu. Nilitoka Mgori alfajiri, nikasali njia nzima. Kusikia jina langu, Raheli, halipo, nikashusha pumzi. Labda Mungu amejibu, nikawaza.

"Pengine jina limeandikwa vingine," akasema. "Mashine haipitii majina yote, mama, tungekesha hapa. Inageuza jina lako kuwa namba, halafu inakwenda palepale penye namba hiyo. Herufi moja ikikosewa, inakwenda kwingine kabisa. Nani alikuandikisha?"

Nilimkumbuka vizuri. Nesi wa Kinyiramba, mcheshi, aliyeniita Laheli mpaka nikamtania, "Nyie Wanyiramba mmekula hata R yangu!" Tulicheka sana siku ile.

Binti alisubiri. Ukucha wake mwekundu uligongagonga ukingo wa meza, taratibu, bila haraka ya kunifukuza.

Ningeweza kusema simkumbuki. Ningerudi nyumbani kabla jua halijazama, nikapika mlenda wangu, nikalala. Lakini ni miezi sasa silali. Nilikuwa nimechoka, nimechoka hata kuogopa.

"Anza na L," nikamwambia.

Akaandika. Nikaanza Baba Yetu moyoni, na kabla sijafika "uliye mbinguni", jina lilikuwa limeshatokea.