Chapati za Soweto West

Mvuke ulipanda ukafunika miwani ya mama mkwe, naye akabaki ameshika kifuniko cha hotpot ya chapati kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake.

Miaka yote Nereah alikuwa akimletea chapati Kisumu kwa basi la usiku. Zilifika alfajiri zikiwa zimekauka. Mama mkwe alizikunja zikavunjika, kisha akasema, "Chakula cha Nairobi hakina ladha."

Leo alivua miwani, akaifuta kwa leso, akagusa chapati ya juu kwa kidole. Akakiondoa haraka.

"Hizi umepikia kwa nani hapa Kisumu?"

"Nimepikia kwangu, Mama. Soweto West, kule Nairobi, leo asubuhi. Nikaenda Wilson nikapanda ndege. Hata saa moja haijaisha, tukaambiwa tufunge mikanda, tunashuka Kisumu."

"Ndege? Na nani amekulipia?"

"Hizi hizi chapati. Si unajua nauza pale mtaani Olympic."

Mama mkwe alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Kisha akachukua chapati moja, akaikunja polepole. Haikuvunjika. Akamega, akatafuna, akamega tena.

Nereah alinyoosha mkono achukue yake, lakini kifuniko kilirudishwa kabla hajafika.

"Wacha, itapoa," mama mkwe alisema, tayari akielekea mlangoni. "Kwanza majirani waje waone."