Filamu za Upande wa Pili wa Ukuta

"Kwa filamu, Kigali hii hakuna anayenizidi," Kabagwira alisema akiwa dirishani. "Ila tangu kiangazi kianze sijaona hata moja."

Uwineza alicheka. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari aliyerudi mtaani Rwezamenyo kwa likizo kubwa ya mwaka tisini na mbili, na mama yake alimruhusu filamu tatu tu, asiongeze. Hakutaka kuchagua vibaya.

"Basi nichagulie, dada."

"Ya karate iache. Watu wanakohoa mwanzo mpaka mwisho. Filamu ikiwa nzuri humsikii mtu akikohoa. Ya Kihindi, ile ya mama na mwanawe, nenda na leso mbili, moja yako, moja ya jirani. Halafu ya farasi, ya jana, wanaionyesha tena leo na kesho. Mwishoni kuna risasi, usiogope. Wanapiga makofi hapo mpaka vumbi la dari linaniangukia kitandani."

Kabagwira alikuwa mjane. Mumewe Gasana, fundi cherehani, alizikwa mvua za mwisho zikinyesha, na tangu hapo mkewe alikuwa ndani ya eda: hatoki, hajipambi, hajipaki manukato, mpaka siku zake ziishe. Nyumba ilikuwa na madirisha mawili. Moja lilitazama choo. La pili lilitazama kichochoro ambapo watu walipanga foleni kuingia banda la video la Shafiq. Kwa sababu ya vita kule kaskazini watu hawakupenda kutembea usiku, kwa hiyo filamu zilianza baada ya adhuhuri. Banda na chumba cha mjane vilichangia ukuta mmoja wa matofali ya udongo.

Na nyumba ilikuwa na askari wake. Mukandekezi, dada wa marehemu, alihamia siku ya mazishi na mkeka wake. Kabagwira akienda chooni, wifi alisimama nje ya mlango na kuuliza kama bado. Akisogea dirishani, wifi alisogea naye. Mwanamke huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusikia mtu akikosea akanyamaza. Hata msibani aliwakatiza waliokuwa wanalia. "Si Jumanne, alikufa Jumatano. Haya, endeleeni."

Filamu kwake ilikuwa dhambi, pamoja na bango lake. Kila mchana alijifunga mtandio akaenda darsa la wanawake, na jioni akarudi macho mekundu.

"Maneno ya Mungu yanaliza," alisema, huku akikung'uta maganda ya karanga kwenye kitenge.

Siku hiyo alisimama nyuma ya pazia mpaka Uwineza alipoondoka. Alikwenda darsa lake, na jua lilipokuwa linashuka alirudi na baba yake, Mzee Rutayisire.

"Baba, huyu anatoroka. Mimi nikiwa darsa, yeye iko ndani ya banda. Filamu zote anazijua. Wasichana wa mtaa mzima wanakuja kumuuliza."

Mzee aliketi kwenye kiti cha cherehani cha mwanawe. Kabagwira alikaa mkekani, mikono mapajani. Ukoo ulishasema: akimaliza eda kwa heshima, nyumba na cherehani ni vyake. Akitoka hata mara moja, anarudishwa kwao Kibungo na mfuko wake wa nguo. Wiki iliyopita Mukandekezi alipima dirisha kwa ajili ya pazia jipya.

"Mwanangu," mzee aliuliza, "umetoka?"

"Sijatoka, Baba. Nasikia tu kupitia ukuta. Hata lugha zenyewe sizijui."

"Uongo!" wifi alidakia. "Nani anajua filamu kwa masikio?"

Mzee alijikuna kidevu. "Ya leo ilikuwaje? Nisimulie."

Kabagwira alimtazama wifi yake kidogo, kisha akainamisha kichwa.

"Ni ya farasi, Baba. Kuna mwanaume, kuna mwanamke wake, na watu wabaya. Farasi wanakimbia, wanakimbia. Halafu kimya. Halafu risasi, moja tu, na mwanamke anapiga kelele." Alifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Basi. Mwanaume amekufa, masikini. Farasi wake naye amemkimbia."

Mukandekezi alianza kutikisa mguu.

"Wanamzika," Kabagwira aliendelea polepole.

Mguu ulizidi kutikisika.

"Wanamzika, na mwanamke anaolewa na yule tajiri."

"Ariko, lakini wewe!" Mukandekezi aliruka akasimama. "Nani kazikwa? Hafi! Risasi imekata kamba, walikuwa wanamnyonga! Na farasi hakukimbia, yule mweupe, anarudi mwenyewe anampandisha mgongoni! Tajiri ndiye anaanguka mtoni, yeye na kofia yake!"

Upande wa pili Shafiq alikuwa anafagia banda lake, na kila mkwaruzo wa ufagio ulipita ukutani kama yumo humo chumbani.

Mzee Rutayisire alimgeukia binti yake.

"Na darsani leo," aliuliza kwa upole, "mlisoma sura gani?"