Kidole cha Mzee Kihedu

Fundi Mwanaidi alichomeka taa ya mwisho ya kioo, akaiwasha redio ambayo Mzee Kihedu aliitumia ujanani kuongea na watu wa nchi za mbali. Ndani yake taa zikawaka taratibu, nyekundu kama makaa. Mzee aliitazama. Tangu mwaka juzi kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi.

"Mshike mkono, mama," fundi alimwambia Bi Nasiria, mkewe.

Bi Nasiria akauweka mkono wa mumewe juu ya kitufe cha kugonga herufi kwa milio. Kidole kikaanza kugonga, polepole, halafu mbiombio. Wakangoja. Katikati ya mvumo, milio myembamba ikajibu.

"Nani huyo?" Bi Nasiria akamwuliza fundi.

"Mtu wa ng'ambo. Anasema anamsikia mzee vizuri sana."

Bi Nasiria akaziba mdomo kwa kanga. Mzee akamgeukia, akagonga tena.

"Sasa anamwambia nini?"

Fundi, aliyekuwa akiandika herufi moja moja pembeni mwa gazeti, alisita.

"Hamwambii yule, mama. Anaongea nawe. Ameanza na jina lako."

Bi Nasiria akavuta kigoda, akakaa akiutazama ule mkono. Kidole kiliendelea kugonga.