Mashine Mpya Haimjui Mungai

Ebu niambie, ungeletewa kompyuta mpya, ingali na nailoni yake, ungeisukuma kando ukadai ile iliyokufa?

Waceke wa Woodley ndivyo alivyofanya. Mafundi wa Hurlingham walimwambia atupe ya zamani, imepitwa na wakati.

"Hata mimi nimepitwa," akawajibu. "Nitupeni basi!"

Akaifunga mgongoni kwa leso, kama mtoto mgonjwa, mpaka kwa fundi Dan karibu na Moi Avenue.

"Humu ndani kuna Mungai wangu," alimwambia. "Hiyo mpya haimjui."

Dan alilelewa na mama mjane. Hakuhitaji kuuliza zaidi. "Pole sana, shosho," akamwambia bikizee.

"Pole itanisaidia nini? Mtoe."

Jumamosi Dan akaenda Woodley, vitu vyote vya diski ya zamani ameshavinakili. Kwenye mashine mpya akaweka programu ya kuigiza, ile inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya jana. Nyawira, binti wa Waceke, aliyeinunua hiyo mpya, akasonya.

"Mama, si uachane na mambo ya kale?"

"Siachi. Nyamaza, ama urudi kwako."

Kioo kikawa cheusi, kisha herufi nyeupe zikajikokota moja moja. Waceke akavaa miwani, akafungua mchezo wa matofali yanayoanguka. Juu kabisa ya orodha ya alama palikuwa na jina: MUNGAI. Chini yake WACEKE, WACEKE, WACEKE.

Dan akatazama kiti kitupu kando ya dirisha, koti la mzee bado limening'inia kwenye egemeo lake. Akavua kofia.

Waceke akacheza. Akashindwa, akaanza upya. Chai ya Dan ikapoa, ikafanya utando juu, naye akaona haya kuaga. Nani amkatize mama wa watu akiwa na mtu wake? Mara matofali yakalala sawasawa, safu juu ya safu, na jina la juu likabadilika.

Machozi yakamtoka Waceke. Dan akainamisha kichwa.

"Mungai!" Waceke akapaza sauti kuelekea chumbani. "Amka!"

Springi za kitanda zikalia.

"Ulisema siku nitakayokupita utaingia jikoni. Haya, nimekupita! Nataka chapati, na huo unga uukande mwenyewe!"